Vilima vya Jumamosi

Bern, 17 Aprili 1997

Komadre Casilda,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Faksi ipo hapa ofisini na inalia kutwa, ila kila karatasi hupitia kwa Bibi Trudi wa masjala, naye husoma hata salamu za siku ya kuzaliwa. Hii nataka tuongee wawili tu.

Asunta hajambo? Mimi ndiye niliyesimama baba yake wa ubatizo Jumanne ile ya Kanivali, tangu hapo tukaitana kompadre na komadre, na baba wa ubatizo hana budi kuuliza. Sijasahau ulivyomvika, mashine nzima ya kupima hewa, karatasi za rangi kama bibi harusi, nami nikamwaga pombe kwenye pembe nne za kibanda huku upepo ukinirudishia nusu usoni. Juzi nilivaa koti lile nikakuta konfeti, vile vikaratasi vya rangi, mfukoni. Bibi Trudi aliuliza ni nini, nikamwambia ni taka za mashine ya kutoboa karatasi.

Tuje kwenye kazi. Disketi zako zimefika. Namba za hewa ukaa ni safi, za ozoni kutoka ile mashine kuukuu ni safi pia, na nilijivuna kuzionyesha. Kuna jambo moja dogo. Tarehe 8 Machi mstari wa kaboni monoksidi, ile gesi ya moshi, unapanda katikati ya asubuhi, unakaa juu kama kilima, unashuka jua likizama. Tarehe 5 Aprili umepanda tena vilevile. Daktari Hürlimann, mkuu wa kamati, aliweka kidole juu yake akasema, "Fabricio, hiki ni nini?" Nikamjibu kwamba nitauliza.

Kamati inakaa mwisho wa Septemba. Unajua kinachoamuliwa: ama kituo cha Wila Kollu, huko mlimani juu ya El Alto, kinaingia kwenye mtandao wa dunia wa vituo vya kupima hewa, ama Asunta anafungwa sandukuni na kupelekwa mlima mmoja wa Ekwado ambao karatasi zake tayari ziko mezani. Hakuna atakayekubali kituo chenye vilima visivyo na maelezo.

Kwa hiyo nauliza tu, kwa nia njema. Jiko la mafuta ya taa la Don Eusebio, mlinzi wenu, linakaa upande gani wa kibanda? Kuna wageni wanaopanda huko mwishoni mwa wiki? Kuna mtu yeyote mwenye, nisemeje, mazoea fulani?

Nisalimie mama yako, Doña Saturnina. Mwambie mkate wa huku hauna chumvi wala adabu.

Kompadre wako,
Fabricio Loayza


El Alto, 4 Mei 1997

Kompadre,

Mazoea fulani! Miaka kumi na moja ya Uswisi imekufundisha kuzunguka mbuyu mpaka mtu anapata kizunguzungu. Haya, nakujibu moja moja.

Jiko la Don Eusebio liko nyumbani kwake, chini ya kibanda, upande ambako upepo unakwenda, sio unakotoka. Wageni tulipata vijana wawili wa Argentina waliopanda na baiskeli, wakatapika kwa sababu ya kimo, wakashuka wamebebwa. Mazoea ya Don Eusebio ni kutafuna koka na kukoroma, na yote mawili hayatoi moshi. Hapa hakuna anayechoma kitu chochote. Naapa.

Nimefungua mabomba yote. Nimebadilisha vichujio. Nimempa Asunta gesi ya mtungi ambayo tunaijua kipimo chake, akaisoma bila kukosea hata chembe. Halafu jana, tarehe 3 Mei, nikiwa nimekaa mbele yake na kikombe changu cha chai ya koka, mstari ukaanza kupanda. Nikamwambia, "Mama wee, unaniaibisha mbele ya baba yako." Akaendelea kupanda.

Sikufichi kwamba hili linaniuma. Hewa ya dunia inapimwa Hawaii, inapimwa kwenye milima yenu, inapimwa hadi Ncha ya Kusini ambako hakai mtu. Ya kwetu wanaikisia. Wanachukua rula, wanaunganisha nukta ya kaskazini na ya kusini, na sisi tunapita katikati ya mstari bila kuulizwa. Nilipokuwa msichana barafu ya Wila Kollu ilishuka hadi pale kilipo kibanda. Leo ni mawe matupu, na maji ya mama yangu yanatoka kwenye barafu hiyohiyo. Nataka hewa iliyotufanyia hivi iandikwe kutoka hapa, na sisi wenyewe. Ekwado wana milima yao, sina ubaya nao, lakini Asunta nimembatiza mimi.

Kilima nitakipata. Nipe muda.

Casilda Yujra


Bern, 20 Mei 1997

Komadre,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na safari hii sitazunguka.

Tarehe 8 Machi, 5 Aprili, 3 Mei. Chukua kalenda. Zote ni Jumamosi, na kila moja inafuata Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Wazungu hawa wanaweza wasione, lakini mimi nimezaliwa La Paz. Bibi yangu kila Ijumaa ya kwanza alikuwa anachoma k'oa uani, na nguo zangu za shule zilinuka mafuta ya lama hadi Jumatatu.

Mnachoma k'oa kibandani, Casilda. Ijumaa usiku mnampa Pachamama, mama yetu ardhi, sadaka yake, moshi unajifungia ndani, asubuhi Asunta anauvuta. Sikulaumu. Nilikuwepo Kanivali, nami pia nilimwaga. Lakini ile ilikuwa siku ya ubatizo, kabla hatujaanza kupima. Huwezi kufukiza uvumba mbele ya pua ya mashine inayonusa dunia nzima.

Acheni, tafadhali, na tusiongee tena habari hii. Nimemwambia Daktari Hürlimann kwamba ni pampu. Amekubali, ingawa ameandika pembeni: "Kituo hakina uangalifu." Bora tuonekane wazembe kuliko watuone tunaendesha sayansi kwa uganga.

Fabricio


Wila Kollu, 8 Juni 1997

Kompadre,

Kwanza nilikasirika. Nikaitupa barua yako kitandani, nikaiokota, nikaitupa tena. Halafu nikatoka nikazunguka kibanda, na nyuma ya jiwe kubwa nikakuta majivu.

"Don Eusebio, haya ni majivu ya nini?"

"Yapi, Injinia?"

"Hayo unayoyakanyaga."

Akainua mguu kama jogoo. "Aa, haya. Haya ni ya Pachamama."

"Ya lini?"

"Ijumaa ya kwanza, kila mwezi. Kidogo tu, kama kiganja. Nyie wasomi mmemlisha siku ya Kanivali mkaondoka. Nani anamlisha mtu mara moja kwa mwaka halafu anatarajia amlindie mtoto?"

Na mimi niliyeapa! Nikaona aibu kwako hadi masikio yakawaka. Nikamwambia Ijumaa hii ashuke kijijini akawaone wajukuu, nami nitalala kituoni mwenyewe. Alifunga mzigo wake kwa kununa. "Asunta akiugua usinitafute," akasema, na akaondoka bila kugeuka.

Ijumaa usiku nililala kibandani. Hakikuwaka kiberiti. Hata chai sikupika, nilikunywa maji na kutafuna mkate mkavu. Jumamosi asubuhi anga lilikuwa safi na mstari wa Asunta ulilala chini, nikasema basi, kompadre alikuwa na haki, nitamwandikia nimwombe radhi. Ilipokaribia saa nne, jua lilipopasha mteremko na ule upepo wa kupanda ukaanza, mstari ukainuka. Kilima, Fabricio. Kilekile, na Don Eusebio yuko kwa wajukuu.

Nikatoka nje nikasimama chini ya bomba la kuvutia hewa. Nikanusa. Ilikuwa kwa mbali sana lakini unaijua harufu ile, haifanani na nyingine: majani ya k'oa yenyewe, sukari iliyoungua, mafuta ya lama, sufu. Ilikuwa inatoka chini. Nikatazama El Alto yote, mabati yanametameta hadi macho yanapokoma, na ndipo nilipocheka peke yangu kama mwendawazimu.

Jana yake ilikuwa Ijumaa ya kwanza, kompadre. Kila duka, kila karakana, kila ofisi ya wakili, kila mwenye lori amechoma. Mama yangu anauza sadaka hizo, nimekulia chini ya meza yake, na sikuwaza! Usiku moshi wote unalala mjini kwa sababu ya baridi. Asubuhi jua linauamsha na upepo unaupandisha mlimani hadi kwa Asunta. Ndiyo maana kilima ni cha Jumamosi, kinaanza saa nne, na kinakufa jua likizama.

Mashine yetu haina ugonjwa. Inasikia mji mzima ukisali.

Nakuja na ushahidi. Usimwambie mtu tena habari za pampu.

Casilda


El Alto, 15 Juni 1997

Kompadre,

Nimechoma k'oa kibandani. Kaa chini kwanza, usizimie.

Nilitaka kujua moshi wa karibu unachorwaje, ili hata Daktari Hürlimann asiweze kuuchanganya na wa mbali. Nikaenda kwa mama mezani pake nikaomba sadaka moja, ya Jumatano.

"Jumatano? Kuna nini Jumatano?"

"Majaribio, mama."

"Majaribio! Unamwonjesha Pachamama kama mchuzi?"

Wateja wawili waliacha kununua wakageuka kunitazama. Mama akanipa, lakini kwa sharti kwamba niombe dua kamili, nisimkatishe njiani kwa kuangalia mashine. Nikaahidi. Don Eusebio akasimamia, maana alisema mkono wangu wa kumwaga pombe ni wa kishule.

Tuliwasha nyuma ya jiwe lake mchana, upepo ukielekea kwenye bomba; zake ndogo za usiku hushushwa bondeni na upepo. Mstari wa gesi ya moshi ukaruka juu mara moja, mwiba mtupu, mrefu kuliko kilima chochote, na dua ilipokwisha ulikuwa umeshashuka, kwa sababu upepo wa huku hauachi kitu. Sasa tazama ozoni kwenye mashine kuukuu. Mwiba ulipopanda, ozoni ilidumbukia shimoni. Siku za vilima haidumbukii: inapanda pamoja na moshi. Hili unalijua kuliko mimi. Moshi mbichi hula ozoni, lakini moshi uliolala mjini na kutembea juani hufika na ozoni uliyoitengeneza njiani. Mwiba ni wetu, kilima ni cha mji. Michoro yote miwili iko humu.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine, nimeifunga kwa gundi na kuibandika stempu ya posta ya La Paz, mwenye dirisha kaigonga muhuri wa kesho mbele yangu, maana leo ni Jumapili, baada ya kumbembeleza sana, ili tarehe isibishaniwe. Ni ya Daktari Hürlimann. Imeandikwa kwa Kiingereza changu cha kokoto. Kilichomo nakuambia wewe kompadre wangu. Nimemwandikia, kabla hayajatokea, Asunta atachora nini hadi kamati ikae. Tarehe 24 Juni, baada ya usiku wa Mtakatifu Yohana ambapo kila mtaa unawasha moto wake, kilima kikubwa kuliko vyote. Tarehe 5 Julai, cha kawaida. Halafu Agosti, vilima mwezi mzima, kwa sababu Agosti Pachamama amefungua kinywa na hakuna anayethubutu kumnyima. Tarehe 6 Septemba, cha kawaida. Siku nyingine, mstari utalala.

Mashine mbovu haijui kalenda yetu sisi Waaymara. Mpe leo, ikiwa imefungwa, aiweke mpaka Septemba.

Casilda


Bern, 7 Julai 1997

Komadre mpendwa,

Michoro yako ni mizuri mno. Ile ya ozoni niliitazama muda mrefu; mimi mwenye maabara sikuiwaza.

Bahasha nimeipokea. Ipo salama kwenye droo yangu.

Nielewe. Nimekaa na watu hawa miaka mingi. Wananipenda, lakini kila mwaka kwenye karamu ya Krismasi kuna mmoja ataniuliza kama nyumbani kwetu tunafuga lama sebuleni. Nikisimama mbele ya kamati nikasema mji wa watu laki nne unachoma sukari na vijusi vya lama kila Ijumaa ya kwanza, hawatasikia tena habari ya ozoni. Watasikia hilo tu, na watalisimulia.

Nimepata njia. Tutaandika "moshi wa mashamba." Wanayajua mashamba yanayochomwa, kila nchi ya kusini inayo, hakuna atakayeuliza. Kilima kinapata jina, Asunta anabaki, na heshima yetu pia. Kuhusu pampu, wameshatuma mpya. Nilishindwa kuwazuia bila kueleza. Ifunge tu.

Fabricio


El Alto, 27 Julai 1997

Fabricio,

Mashamba gani? Nitajie moja. El Alto hata mti wa kufungia mbwa hatuna. Na mashamba hayo ya kwako yanajuaje kwamba jana yake ilikuwa Ijumaa ya kwanza?

Hii si heshima yetu unayoilinda, ni ya kwako. Unataka nikae hapa juu nipime hewa hadi chembe ya mwisho, halafu wewe uiandikie jina la uongo. Kesho keshokutwa mwanafunzi wa Japani atachukua namba zangu ahesabu mashamba yanayoungua Bolivia, apate mengi ambayo hayapo, na kosa hilo litakaa vitabuni kwa jina la Wila Kollu. Bora Asunta aende Ekwado akiwa mkweli. Nasema hivyo na inanichoma, kwa sababu nikimpoteza yeye nimepoteza kila nilichopandia mlima huu.

Disketi ya Juni imo. Tazama tarehe 24. Nilitoka nje asubuhi ile sikuiona El Alto kabisa; matairi, viti vibovu, milango, kila kitu kilikuwa kimewashwa usiku, na Don Eusebio alikuwa bado ana harufu ya soseji alizochoma motoni. Asunta amechora mlima, si kilima. Ya Julai nitaituma ikiisha.

Pampu yenu imefika, nzuri, inang'aa. Nimeifunga. Sasa tusubiri tarehe 2 Agosti tuone kama pampu ya Uswisi nayo ni Mwaymara.

Mama amesikia habari ya droo yako. Amesema nikuandikie maneno matatu tu: mficha uchi hazai. Na ameniagiza nikukumbushe kwamba baba wa ubatizo haji kula tu siku ya sherehe. Mtoto akisingiziwa, yeye ndiye anayesimama.

Basi simama.

Casilda


Bern, 26 Septemba 1997

Komadre wangu,

Nimesimama. Nakuandikia nikiwa bado na viatu, chakula kiko mezani kinapoa.

Barua yako ilinikuta mapema Agosti. Sikulala vizuri siku hiyo. Asubuhi nikaitoa bahasha kwenye droo nikaipeleka kwa Daktari Hürlimann, ikiwa imefungwa, nikamwomba asiifungue mpaka kamati. Akautazama muhuri wa posta, tarehe 16 Juni, akaigeuza bahasha, akaandika tarehe ya kupokea, akaiweka kwenye faili. Wao ni watu wa namna hiyo.

Leo kamati imekaa. Karatasi za Ekwado upande wa kulia, zetu kushoto. Michoro ya Asunta tangu Juni ilikuwa imebandikwa ukutani, na Hürlimann akasema, "Tuna barua iliyoandikwa kabla ya michoro hii. Naifungua." Akaifungua kwa kisu, akasoma kwa sauti Kiingereza chako cha kokoto, na baada ya kila sentensi akaenda ukutani. Tarehe 24 Juni: upo mlima. Tarehe 5 Julai: kipo. Agosti: vilima mwezi mzima kama meno ya msumeno, na pampu mpya ndani yake! Tarehe 6 Septemba: kipo.

Halafu akasimama kwenye tarehe 16 Julai. Kilima kidogo, lakini kilima. "Hiki hakimo kwenye barua," akasema. "Barua inasema mstari utalala."

Nilikitazama, Casilda, na badala ya kuogopa nikacheka. Sikuweza kujizuia. Umetusahau! Wewe na El Alto yako mmehesabu moto wote wa dunia mkawasahau watu wa bondeni. Usiku wa tarehe 15 Julai ni maandamano ya mienge, komadre! La Paz nzima inashuka barabarani na mienge mkononi kuusherehekea mji wake!

Nikainuka. Nikawaambia. Niliwaambia jinsi nilivyokuwa na miaka saba nikaichoma shali ya shangazi yangu kwa mwenge wangu, na tulivyorudi nyumbani pua zetu nyeusi kama mapipa ya lami. Na kwa kuwa nilikuwa tayari nimesimama, nikamalizia. Nikasema k'oa ni nini. Nikalitamka jina lake kama bibi yangu alivyolitamka. Nikataja sukari, mafuta, sufu, majani, hata vijusi vya lama, na kwa nini Agosti.

Mwanamke mmoja wa Norwei akauliza, "Mji mzima, siku moja?" Nikasema, "Mji mzima. Nami ningekuwa huko ningechoma."

Hürlimann akavua miwani. "Kijijini kwetu," akasema, "kila mwaka majira ya baridi yakiisha tunatengeneza sanamu la nyasi tunalichoma uwanjani. Kituo chetu cha mlimani huliona. Huwa tunaandika pembeni: sanamu la baridi." Akanigeukia. "Kwa nini uliniambia ni pampu?"

"Niliona haya."

"Haya ya nini? Mimi ndiye niliyetuma pampu nzima hadi Andes kwenda kutibu sala za watu."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao, ingawa masikio yaliniwaka. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwangu iliishia mbele ya watu tisa. Kisha wakainua mikono. Wote, hata yule aliyeleta karatasi za Ekwado. Wila Kollu imeingia kwenye mtandao, Asunta habanduki, na wanataka safu mpya kwenye jedwali la kila mwezi, yenye kichwa chake kilichoandikwa wazi: k'oa. Utaijaza wewe. Hürlimann amesema hajawahi kuona kituo kinachomjua jirani yake kwa kiasi hicho, akatoa kalamu akakata maneno yake ya "hakina uangalifu" mbele yangu.

Niliporudi mezani nilitoa ile konfeti ya Kanivali nikaiweka kwenye kisahani karibu na simu. Bibi Trudi akauliza tena ni nini. Safari hii nimemweleza hadi akachelewa basi lake.

Mwambie mama yako nimesimama.

Kompadre wako,
Fabricio


El Alto, 13 Oktoba 1997

Kompadre Fabricio,

Mienge! Nilijipiga kofi la paji la uso mbele ya tarishi. Mama alicheka mpaka akashika meza. Anasema ndivyo watu wa El Alto tulivyo, tunaona kila kitu kwa sababu tuko juu, ila cha chini ya pua hatukioni. Kwa hiyo tuko sawa sasa, wewe na mimi, na usinitanie tena maisha yako yote.

Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisoma posta nikiwa nimesimama, nikalia kidogo, nikamchukua mama mezani kwake na aproni yake, tukapanda mlimani na gari la maji. Hajawahi kufika kituoni. Alimtazama Asunta kwa muda, akampangusa vumbi kwa pindo la sketi, akasema, "Kwa hiyo wewe ndiye unayenusa bidhaa zangu." Don Eusebio alitoka na kofia mkononi. Nikawasomea barua yako yote, nikiwafasiria majina ya Kizungu, na nilipofika kwenye mikono iliyoinuliwa Don Eusebio akakohoa, akasema moshi umemwingia machoni. Hakukuwa na moshi bado.

Sasa nikupe kazi, maana wewe ndiwe utakayepokea disketi ya Oktoba. Alhamisi tarehe 9, saa nane mchana, utaona mwiba. Mrefu sana, umesimama wima, na ozoni imedumbukia shimoni chini yake. Si Ijumaa, si sikukuu, si Agosti. Kamati watauliza, na nakuomba usiufute.

Andika pembeni kwamba chanzo kiko karibu na kinajulikana. Mama alileta sadaka kubwa kuliko zote alizonazo, na hakutaka kusikia neno majaribio. Don Eusebio aliwasha, nami nikamwaga pombe kwenye pembe tatu za kibanda. Ya nne tuliimwagia kwa jina lako, na upepo ukaturudishia nusu usoni.

Komadre wako,
Casilda